2,147,483,647 ni tasa? Njia nne za kuipima, na ipi ikufae

Kijana mmoja anayemsaidia mjomba wake kuuza boriti hapa Lamu alinijia barazani baada ya Alasiri, simu mkononi. Alikuwa ameandika programu ndogo ya kuweka hesabu ya mikoko inayoshushwa majahazini, na katika kuijaribu akawa anaingiza namba kubwa kubwa makusudi, aone itashindwa wapi. Ilishindwa baada ya 2,147,483,647. Alipoongeza moja tu, programu ikamrudishia namba hasi. "Mwalimu," akaniuliza, "kwa nini hapa hasa? Na hii namba mbona kila nikiigawa haigawiki?"

Swali la kwanza lina jibu fupi. Namba hiyo ni 2³¹ − 1, kubwa kuliko zote zinazoingia katika nafasi ya biti 32, yaani tarakimu 32 za 0 na 1, inayohifadhi chanya na hasi pamoja. Kompyuta za zamani zinazohesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa nafasi kama hiyo zitafika ukingoni hapo hapo, tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu.

Swali la pili ndilo lililotukalisha hadi adhana ya Magharibi. Namba hiyo ni tasa: haina kigawo ila 1 na yenyewe. Boriti 23 huwezi kuzipanga kwa safu zilizo sawa. Utapata safu moja ndefu au boriti moja moja, basi. Na hii nayo ni vivyo hivyo, kwa ukubwa wake wote. Lakini kuambiwa ni tasa si sawa na kujua. Zipo njia nne ambazo mwanafunzi, mwalimu au mwandishi wa programu anaweza kuzishika, na nimewaona wengi wakikwama kwa sababu walisikia kuwa fulani ndiyo ya kisasa na nyingine zimepitwa na wakati. Hazijapitwa. Kila moja ina haja inayoitimiza kuliko wenzake.

Mambo ya kutazama kabla ya kuchagua

La kwanza ni yakini. Lugha yetu inatenganisha yakini na dhana, na hisabati nayo inatenganisha. Kuna kipimo kinachokupa yakini, na kuna kinachokupa dhana, hata kama ni dhana yenye nguvu sana. La pili ni kazi: hatua ngapi mpaka jibu? La tatu ni vifaa, yaani kama kalamu inatosha au lazima simu. La nne ni upana: je, njia inapokea namba yoyote, au za aina moja tu? Na la tano, ambalo watu hulisahau, ni kile unachobaki nacho mkononi namba ikionekana si tasa. Umepata vigawo vyake, au umeambiwa tu kwamba vipo?

Kitu kimoja zaidi cha kushika kabla hatujaendelea ni baki, maana njia zote nne zinaishi kwa baki. Hapa Lamu tuna mfano wa kila siku. Boriti huhesabiwa kwa korja, na korja moja ni boriti 20. Chukua korja 4 na boriti 7, yaani boriti 87. Ukitaka kujua baki la 87 ukiligawa kwa 19, huna haja ya kugawa: kila korja ni 19 na moja ya ziada, kwa hiyo korja 4 zinakuachia 4, ukijumlisha na 7 zilizo nje ya korja unapata 11. Ndilo baki. Hila hii ya mafungu na zilizobaki itarudi mbele, na huko ndiko inakong'aa.

Njia ya kwanza: kugawa moja kwa moja

Hii ndiyo tuliyofundishwa shuleni. Unaigawa namba kwa 2, kwa 3, kwa 5, kwa 7, unaendelea na namba tasa zote mpaka ufike kipeuo chake cha pili. Huna haja ya kuvuka hapo, kwa sababu namba ikiwa na kigawo kikubwa kuliko kipeuo chake, lazima kiwe na mwenzake aliye mdogo, naye ungekuwa umeshamkuta.

Yakini yake ni kamili. Kazi ndiyo mzigo. Kipeuo cha pili cha namba yetu kinakaribia 46,341, na chini yake zipo namba tasa 4,792. Tuseme kila mgawanyo kwa kalamu unachukua dakika tatu; hizo ni saa 240 za kazi, siku kumi mchana na usiku bila kulala.

Sasa tazama alichofanya Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi. Mwaka 1772 aliithibitisha namba hii hii kuwa tasa, bila mashine yoyote. Alijua kwamba kigawo chochote cha 2³¹ − 1 kilicho tasa kina sura maalumu: ukikigawa kwa 62, yaani 31 mara 2, lazima kibaki 1, na ukikigawa kwa 8 lazima kibaki 1 au 7. Ukiyaunganisha masharti hayo mawili, kila kigawo lazima kiwe 248 mara kitu fulani, kisha jumlisha 1 au 63. Ukiacha 63 yenyewe, ambayo si tasa, namba za sura hiyo hadi 46,340 ni 372 tu. Nyingi kati ya hizo nazo si tasa, kwa hiyo zinaanguka zenyewe: 249 ni 3 × 83, 497 ni 7 × 71, 559 ni 13 × 43. Katika nne za mwanzo inabaki 311 peke yake. Igawe: 311 × 6,905,092, baki 35. Hapana. Endelea na inayofuata. Ukishachuja hivyo, migawanyo ya kweli inabaki themanini hivi. Kwangu mimi hili ni funzo kubwa kuliko jibu lenyewe: kazi ya siku kumi iligeuka ya saa chache kwa sababu mtu alikaa kwanza akafikiri.

Kwa simu, namba ya tarakimu kumi ni kufumba na kufumbua. Ila mzigo unakua vibaya: kila tarakimu mbili ukiongeza, kazi inazidi mara kumi. Namba ya tarakimu 100 ingeihitaji kompyuta inayogawa mara bilioni moja kwa sekunde ifanye kazi kwa sekunde zenye tarakimu 41. Hapo mlango umefungwa.

Upana wake ni namba yoyote iliyo ndogo. Na kwenye lile jambo la tano, njia hii haina mpinzani: namba isipokuwa tasa, inakupa kigawo. Pietro Cataldi, yule Mwitalia aliyethibitisha mwaka 1588 kwamba 2¹⁷ − 1 na 2¹⁹ − 1 ni tasa, alidai pia kuwa 2²³ − 1 ni tasa. Fermat akaja kuonyesha mwaka 1640 kwamba 8,388,607 ni 47 × 178,481. Kigawo kikishatajwa, ubishi umekwisha.

Njia ya pili: kipimo cha Fermat

Huyo huyo Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, ndiye aliyegundua mwaka 1640 kwamba ukichukua namba tasa n, na namba nyingine a isiyogawika kwa n, basi a ukiipandisha kwa kipeo cha n − 1 kisha ukagawa kwa n, baki ni 1 daima. Jaribu kwa 7: tatu kwa kipeo cha 6 ni 729, na 729 ni 7 × 104 na 1 iliyobaki.

Kwa hiyo namba ikikupa baki lisilo 1, si tasa, na hilo ni yakini. Ikikupa 1, hapo una dhana tu.

Kazi ni ndogo ajabu. Kwa 2,147,483,647 unazidisha namba kwa yenyewe mara 30, na katikati unazidisha kwa 3 mara 29, kila mara ukichukua baki. Kalamu itachoka, maana unazidisha namba za tarakimu kumi kwa tarakimu kumi, na kikokotoo cha shule kitakata tarakimu za mwisho. Lakini kwenye simu yenye Python, lugha ya kuandikia programu, ni mstari mmoja: pow(3, 2147483646, 2147483647). Jibu ni 1.

Kijana wangu alitaka kutumia 2 badala ya 3, kwa kuwa ni nyepesi. Nilimkataza, na wewe nakukataza kwa namba za sura hii. Namba yoyote ya 2ᵖ − 1, p ikiwa tasa, hupita kipimo cha Fermat kwa 2, iwe tasa au isiwe. Chukua 2¹¹ − 1, yaani 2,047. Ni 23 × 89, lakini kwa 2 inapita bila wasiwasi. Kwa 3 inanaswa: baki ni 1,013.

Hata namba za kawaida hudanganya. Namba 341 ni 11 × 31. Sasa 2¹⁰ ni 1,024, nayo ni 341 × 3 na 1 juu. Basi 2³⁴⁰ nayo lazima ibaki 1. Hiyo ni tasa bandia. Na zipo zilizo mbaya zaidi, zinazopita kwa kila a isiyoshiriki nazo kigawo. Ndogo kuliko zote ni 561, yaani 3 × 11 × 17. Zinaitwa namba za Carmichael, kwa jina la Robert Carmichael aliyeandika habari zake mwaka 1910, na mwaka 1994 Alford, Granville na Pomerance walithibitisha kwamba hazina mwisho.

Upana ni namba yoyote. Vigawo haikupi. Inamfaa anayejifunza, kwa sababu ukielewa kwa nini inafanya kazi umeshaingia ndani ya nadharia ya namba, na inamfaa mwenye namba nyingi za kuchuja haraka kabla ya kipimo kikali zaidi.

Njia ya tatu: Miller na Rabin

Gary Miller alitoa wazo mwaka 1976, Michael Rabin akalipa sura tunayoitumia mwaka 1980. Wanaanza pale pale kwa Fermat, lakini hawaridhiki kuona 1 mwishoni. Wanauliza 1 hiyo imetoka wapi. Namba ikiwa tasa, kitu pekee ambacho mraba wake unaacha baki la 1 ni 1 yenyewe au n − 1. Kikija kitu kingine, n imeshikwa.

Tazama 561 inavyoshikwa. Namba 560 ni 35 iliyozidishwa kwa 2 mara nne. Anza na 2³⁵: baki ni 263. Zidisha kwa yenyewe: 166. Tena: 67. Tena: 1. Iliyotangulia 1 ni 67, si 1 wala 560. Basi 561 si tasa, na udanganyifu wake wote kwa Fermat haukuisaidia.

Hapa kila a unayoichagua ni kama shahidi. Kwa namba isiyo tasa, wanaoweza kukupotosha hawazidi robo ya mashahidi wote. Chagua kumi kwa bahati nasibu, na nafasi ya namba isiyo tasa kuwapita wote kumi ni chini ya moja katika milioni. Chagua arobaini na hutakuwa na la kuogopa. Hata hivyo, kwa lugha kali ya hisabati, bado ni dhana.

Isipokuwa kwa namba ndogo kiasi, na jambo hili ni zuri kulijua. Imehakikiwa kwamba kwa kila namba iliyo chini ya 3,215,031,751, mashahidi wanne tu, 2, 3, 5 na 7, wanatosha kutoa hukumu isiyo na shaka. Namba yetu iko chini ya hapo. Kwake yeye, Miller na Rabin ni yakini kamili, kwa hatua chache kupindukia.

Kazi kwa kila shahidi ni kama ya Fermat, vifaa ni vile vile, upana ni namba yoyote ya witiri. Vigawo haikupi. Funguo za siri za RSA, zile zinazolinda mawasiliano ya mitandaoni, hutegemea namba tasa za biti 1,024, ambazo zina tarakimu zaidi ya 300. Kwa ukubwa huo, katika kila namba 710 hivi moja ndiyo tasa, kwa hiyo mashine inaokota namba kwa bahati nasibu na kuipima, inaokota na kuipima, mpaka ipate. Hakuna muda wa kugawa moja moja.

Njia ya nne: Lucas na Lehmer

Hii ndiyo ninayoipenda, na nasema wazi ili msomaji ajue kuipima kauli yangu. Lakini ina sharti gumu kuliko zote: inapokea namba za 2ᵖ − 1 peke yake, zile zinazoitwa namba za Mersenne, na p nayo lazima iwe tasa ya witiri. Ukiipa 1,000,003 haina la kukuambia.

Édouard Lucas, Mfaransa, alitumia wazo hili mwaka 1876 kuthibitisha kwa mkono kwamba 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa. Derrick Lehmer akalinyoosha mwaka 1930. Utaratibu ni huu: anza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2, chukua baki. Rudia mara p − 2. Ukiangukia sifuri, namba ni tasa. Usipoangukia sifuri, si tasa. Pande zote mbili ni yakini.

Tuifanye kwa 127, ambayo ni 2⁷ − 1, hatua tano. Na hapa ndipo korja zinaporudi, ila sasa fungu letu ni 128 badala ya 20, kwa kuwa 128 ni 127 na moja ya ziada.

Nne mara nne, toa 2: 14.
14 × 14, toa 2: 194. Fungu 1 na 66 nje: 67.
67 × 67, toa 2: 4,487. Mafungu 35 na 7 nje: 42.
42 × 42, toa 2: 1,762. Mafungu 13 na 98 nje: 111.
111 × 111, toa 2: 12,319. Mafungu 96 na 31 nje: 127, ambayo ndiyo sifuri yetu.

Hakuna mahali ulipogawa kwa 127. Kwa kompyuta ni raha zaidi, kwani kutenga mafungu ya 2ᵖ ni kukata tu tarakimu za mfumo wa mbili katikati na kujumlisha vipande viwili.

Kwa 2³¹ − 1 hatua ni 29. Kwa 2,047 hatua ya mwisho inaacha 1,736, si sifuri, na kweli si tasa. Lakini 23 na 89 utazitafuta mwenyewe, njia hii haikutajii.

Namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana kufikia mwaka 2024 ilipitia mlango huu. Ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1, yenye tarakimu 41,024,320, na ilipatikana Oktoba 2024 na Luke Durant katika mradi wa GIMPS, unaounganisha kompyuta za watu wa kujitolea tangu 1996. Kilichonifurahisha ni mpangilio wa kazi. Mashine iliyoko Dublin iliigundua kwanza kwa kipimo cha jamii ya Fermat, ikatoa dhana. Kisha mashine nyingine iliyoko San Antonio, Marekani, ikaithibitisha kwa Lucas na Lehmer. Njia mbili kati ya hizi nne, kila moja mahali pake.

Msomaji wa chuo ataniuliza kuhusu AKS, njia nyingine ya kupima tasa, ya Agrawal, Kayal na Saxena wa Kanpur, India, mwaka 2002. Ni ushindi mkubwa wa nadharia, yakini kwa namba yoyote bila kazi kukua kupita kiasi, lakini katika matumizi iko polepole kuliko nyingine, na sikuiweka kati ya za kuchagua.

Kulingana na hali yako

Ukiwa darasani na ubao na chaki tu, na wanafunzi ndio wanaanza, gawa moja kwa moja, kwa namba zisizozidi tarakimu nne. Wakishazoea, wape hila ya Euler kwa 2¹³ − 1, waone wenyewe orodha ya vigawo inavyokauka.

Ukihitaji vigawo vyenyewe, hakuna ubishi, ni njia ya kwanza, maana nyingine zote zitanyamaza.

Ukiandaa mradi wa maonyesho ya sayansi ya shule, Lucas na Lehmer itakubeba: 127 unaifanya kwa kalamu mbele ya waamuzi, 2³¹ − 1 unaiendesha kwenye simu, na 2,047 unaiweka kando yake ionyeshe kushindwa kunafananaje. Ila uwe tayari kwa swali la kwa nini inafanya kazi, kwa sababu uthibitisho wake si mwepesi kama hatua zake. Usipokuwa na muda wa kuusoma, chagua Fermat, ambao uthibitisho wake unaingia katika ukurasa mmoja.

Ukiandika programu inayopokea namba za kila aina, shika Miller na Rabin. Namba zikiwa chini ya bilioni tatu, weka 2, 3, 5 na 7, umemaliza. Zikiwa kubwa, ongeza mashahidi wa bahati nasibu. Na ikiwa ni kwa ajili ya kulinda siri au pesa za watu, usiiandike mwenyewe hata kidogo. Tumia maktaba ya programu iliyokwisha kukaguliwa na wengi.

Ukiwa na mlima wa namba za kuchuja, tanguliza migawanyo michache kwa tasa ndogo, kisha Fermat kwa 3, na zitakazobaki ndizo uzipeleke kwenye kipimo kikali.

Kijana wa boriti alichukua njia ya nne, na hakutaka simu. Alianza na 8,191, yaani 2¹³ − 1, nyuma ya daftari la mjomba wake: 4, 14, 194. Kisha 194 × 194, toa 2, ni 37,634; mafungu 4 ya 8,192 na 4,866 nje, jumla 4,870. Giza lilipoingia alikuwa amebakiza hatua nane.